Mashine ya Sweta Iliyolia Krismasi

Enzi zetu betri za redio zikichoka zilianikwa juu ya bati, zikipigwa na jua la mchana, na jioni taarifa ya habari inarudi ikiwa na nguvu kidogo. Kama hukuwahi kupandishwa paa kuanika betri, karibu usome, ila ujue hapa tunazungumza watu wa rika letu.

Tulikulia nje kidogo ya Ruring'u. Mwezi wa saba baridi ilikuwa ya kuuma meno, na tulienda shule na kiazi kitamu cha moto mfukoni. Kilianza kazi kama hita ya mikono, na kufikia saa nne kilikuwa chakula. Watoto wangu leo wakiona ukungu kidogo wanauliza kama shule itafungwa.

Mama alishona yunifomu kwa cherehani ya miguu pale barazani. Shida ilikuwa sweta. Wateja walichukua sketi kwake, kisha sweta wakaenda kuzitafuta mjini kwa mama mmoja mwenye mashine ya kufuma. Mama aliitamani mashine hiyo hadi akawa anaiongelea kanisani.

Baba alifanya kazi kwa Mzungu mmoja mzee, upande wa Naro Moru. Mzee alipoamua kuhama, aliwaambia wafanyakazi kila mmoja achague kitu kimoja kutoka stoo. Wenzake Baba wakachukua wilbaro, wengine majembe. Baba akaona kitu kirefu kama meza nyembamba, kina miguu minne, pedali chini, na nyuzi zimepangwa juu sambamba. Akakifunika blanketi, akakileta kwa pikapu ya maziwa.

"Mama Wachira," alisema, akivuta blanketi kwa madaha, "nimekuletea mashine ya kufuma sweta. Hata uzi uko tayari."

Mama alikizunguka, akagusa, akainama kutazama chini. "Baba Wachira, hii uzi ni ya chuma. Hiyo sweta itavaliwa na nani? Tingatinga?"

Kabla Baba hajajibu, Cucu alikuwa ameshavuta kijiti kutoka kwenye kuni, akagonga uzi mmoja. Cucu ni mama yake Baba, na nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka jikoni kwetu. Uzi ulilia, ukakaa hewani kidogo, ukafa. Cucu akakaa chini palepale.

Lazima niwaeleze jambo moja. Kwetu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa babake, kwa hivyo mimi nilikuwa Wachira kama babu yangu marehemu, na kwa Cucu nilikuwa mume wake. Alinigombeza kama mume. Nikichelewa kutoka dukani aliuliza ni wanawake gani walionishika. Babu huyo alikuwa mpigaji wa wandindi, fidla yetu ya uzi mmoja, na wandindi yake ilipotea hata kabla sijazaliwa.

"Mume wangu," Cucu aliniambia siku hiyo, "hii ni kitu ya kuimba. Tangu uende hujaniimbia hata siku moja."

Mimi nilikuwa sijaenda mahali popote ila shuleni, lakini nilijiona na deni.

Habari zilifika kwa majirani kabla giza halijaingia, na Baba akapewa jina la Baba Sweta. Alivumilia kwa siku kadhaa. Halafu jioni moja, amerudi kutoka kijiweni na uso umekunjamana, akatoa hukumu: "Krismasi ikifika kama hii kitu haijasema neno, mtu wa skrapu aichukue. Nimechoka kuchekwa na watu wenye wilbaro."

Basi mimi na dada yangu Wangari tukaanza kazi. Baadaye nilikuja kujua kitu chenyewe kilikuwa gitaa, lakini hakuna kati yetu aliyewahi kuona la aina ile. Tulijua gitaa la kubebwa kifuani tu. Hili la kulazwa, linalopigwa kwa mikono na miguu, tuliliona kama ng'ombe aliyezaliwa na mabawa.

Nyuzi nyingine zilikuwa zimekatika. Tukachukua waya wa breki ya baiskeli, tukaufumua, tukafunga nyuzi mpya. Vile vyuma vyembamba vinavyounganisha pedali na nyuzi vilikuwa vimeliwa na kutu. Mjomba wetu alikuwa ametuletea mchele wa Mwea kwa baiskeli, na alipokuwa ndani akinywa chai, Wangari alikuwa nje akipunguza spoku za gurudumu lake la nyuma. Mjomba aliondoka akiyumba barabarani, na Mama akasema kwa huzuni ati huyu ndugu yangu ameanza kulewa mchana.

Hata hivyo sauti ilikuwa ndogo kama ya mbu. Gitaa lilihitaji stima, na stima kwetu tulikuwa tunaiona kwa mbali, kule mjini. Ni Cucu aliyetutatulia. "Wandindi ilikuwa na tumbo," alisema. "Hii haina tumbo. Itatoa sauti wapi?" Tukatafuta mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, tukauwamba ngozi ya mbuzi, tukaufunga chini ya nyuzi kwa mpira wa tairi. Kwa kutelezesha juu ya nyuzi tulitumia kipande cha bomba la maji. Sasa kitu kilinguruma.

Zilibaki pedali, zilizokuwa zikikwama. Tuliiba mafuta ya cherehani, na Mama akatufumania nayo mkononi. Tulisubiri mwiko. Badala yake alipiga magoti, akachungulia chini ya gitaa, akasema, "Ni nani amefunga hivi? Mguu ya mashine haifungwi hivi. Toka hapo."

Tangu siku hiyo fundi mkuu akawa Mama.

Krismasi ikafika na harufu yake. Mnaijua: chapati za mara moja kwa mwaka, mukimo, mbuzi anachomwa, nguo mpya zinazonuka duka. Jamaa kutoka Kangema walijaa uani, na walikuwa wamesikia habari za sweta. Baba alisimama kando akijifanya anahesabu nyama.

Miguu yangu haikufika vizuri kwenye pedali, kwa hivyo nilishika bomba na kudonoa nyuzi, na Mama akakaa kando yangu kukanyaga. Na kwa kuwa alijua pedali za aina moja tu duniani, alikanyaga kama cherehani, bila kupumzika, mbele nyuma, mbele nyuma. Sauti ikapanda, ikashuka, ikatetemeka. Spoku moja ilichomoka ikaruka kwenye sufuria ya supu. Watu wakaanza kucheka, na nikamwona Baba ameinamisha kichwa.

Cucu akainua mkono. "Polepole, mama. Mguu usikimbie. Hii si yunifomu."

Mama akapunguza. Hapo sauti ikalia kama mtu, na kicheko kikanyamaza chenyewe. Cucu akaanza kuimba wimbo ambao hakuna mtoto wake aliyeujua. Alisimama, akacheza taratibu hadi mbele yangu, akanishika mashavu. "Mume wangu, umerudi."

Baba alipangusa macho, akasema moshi. Kisha akawageukia wa Kangema: "Niliwaambia hii mashine ni ya maana." Mtu wa skrapu alipokuja Januari, aliondoka na wilbaro za majirani.

Cucu alituacha, Baba akamfuata, na mwaka uliopita tukamzika Mama. Gitaa liko sebuleni kwangu. Binti yangu wa kwanza anaitwa Nyambura, jina la mama yangu, na yeye ni wa kizazi cha simu: hata chai huipika akitazama video. Majuzi ametia nyuzi za dukani, akatoa spoku zote na mkebe, akaunganisha na spika. Akacheka. "Dadi, mlikuwa mnakanyaga vibaya. Pedali unaibonyeza, unaishikilia." Akanionyesha. Ilitoka safi, tamu, kama zile nyimbo za redioni Jumapili mchana. Nilipiga makofi, maana ni kweli anajua kuliko sisi.

Kisha nikamwomba akanyage vibaya, mara moja tu, kama cherehani. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyeanza kuzeeka, lakini akatii. Mguu wake ukaanza, mbele nyuma, mbele nyuma, haraka mno, na sebule nzima ikaanza kutetemeka.

"Polepole, mama," nikamwambia. "Mguu usikimbie. Hii si yunifomu."