Kipkurui na Kishada cha Upepo Mdogo

Zamani ukiuliza sokoni Chebunyo ni nani atakupelekea fahali mkorofi, yule wa kupiga watu teke na kuvunja ua, ungeambiwa papo hapo umtafute Kipkurui. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kovu la kamba lililozunguka kiganja chake cha kulia. Kovu hilo alilipata akiwa kijana, siku fahali aliposhtuka pale kwenye josho la ng'ombe akamburuta hadi mtoni. Wenzake walimpigia kelele aachie, naye hakuachia. Fahali ndiye aliyechoka kwanza. Tangu hapo wazee wakimtambulisha kwa mgeni hawakutaja baba yake wala ukoo wake. Walisema tu kwamba huyu ndiye hakuachia.

Sifa hiyo ilimlisha vizuri mpaka pikapu zilipoingia. Siku hizi ng'ombe wanasafiri wamesimama kama wabunge, na Kipkurui alibakiwa na mafahali wachache wa wazee wasioamini magari, hasa wale wa mzee Bethwel, mwenyekiti wa kokwet, baraza la kijiji. Mkewe Sellah alimwambia akae nyumbani walime. Yeye aliendelea kwenda sokoni kila Jumamosi na kusimama karibu na zizi, mikono nyuma, akingoja kuitwa. Iliuma kumtazama, ingawa mwenyewe angekukatalia.

Ndipo akaja Wangeci, binti wa Thuo muuza misumari na mabati pale Sotik. Familia yao ilitoka upande wa kati wa nchi kabla yeye hajazaliwa. Wangeci alikuwa amefanya kazi Pwani, akifundisha watalii kurusha vishada, na si vile vya gazeti na vijiti ambavyo watoto hukimbia navyo. Hivi vyake vilikuwa vya kitambaa, vipana kuliko paa la jiko, vyenye nyuzi ndefu na vishikio viwili, na vilivuta mtu mzima hadi visigino vichimbe ardhi. Aliomba uwanja wa malisho siku za Jumamosi. Alisema kuna watu wa Kericho na Bomet ambao wangekuja kujifunza.

Kwenye kokwet watu waliguna. Mmoja alisema hawa wageni wakipewa uwanja leo, kesho wanaweka ua. Kipkurui alikuwa amekwisha kukijaribu kishada kwa dakika chache, na mikono yake ilikuwa imekumbuka kitu ilichokikosa muda mrefu. Akasimama.

"Mpeni," alisema. "Mimi nitakuwa hapo. Kukiwa na shida niulizeni mimi."

Bethwel alikubali kwa sharti moja. Mtu akiumia, uwanja unafungwa.

Kujifunza kwenyewe kulimfedhehesha. Upepo wa Chebunyo kabla ya adhuhuri ni mdogo, unatikisa ncha za nyasi basi. Kipkurui alivuta kwa nguvu zake zote, kishada kikaanguka. Akavuta tena, kikaanguka tena, na mtu mmoja ukingoni akauliza kama fahali wa nguo amemshinda.

"Mzee, hii upepo kidogo haitaki nguvu," Wangeci alimwambia. "Kwanza tunangoja umande ukauke, kitambaa kikiwa na maji ni kizito. Halafu tunachukua kile kikubwa na nyuzi ndefu, juu huko kuna upepo kuliko hapa chini. Na usikiache kisimame. Kitembeze huku na huku, kichore namba nane, ndio kijitengenezee upepo wake."

"Na kamba ikilegea?"

"Unarudi nyuma pole pole mpaka ikaze. Usiikusanye kwa mkono. Kikipata nguvu, unakifuata mbele kidogo."

"Na kikikataa?"

"Unaachia. Fungua mkono tu, hii mikanda ya hapa kwa mkono itakikunja kianguke."

Kipkurui alicheka. Wangeci hakucheka.

Lakini mtu alishika kazi, tusimnyime haki yake. Baada ya majuma machache aliweza kukiweka kishada hewani asubuhi ambapo hata majani ya mabingobingo hayakutikisika. Alijua kukipeleka ukingoni mwa upepo, pale nguvu zake zinapopungua, na kukishusha kitue taratibu kama kuku anayerudi kulala. Wageni walimpiga picha. Sellah alimsikia akiimba akikamua. Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni kuachia. Kila Wangeci alipomwambia wafanye zoezi la kufungua mkono, alisema watafanya Jumamosi ijayo.

Jumamosi iliyoharibu mambo, uwanja ulijaa. Wageni walikuja, na watu wa soko nao walitoka kwenye mazizi kuja kutazama, Bethwel akiwa mbele na fimbo yake. Upepo ulikuwa haba, kwa hiyo Kipkurui alichukua kishada kikubwa kuliko vyote. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana kishada kinachofaa upepo mdogo kinabaki kikubwa vilevile upepo ukigeuka. Upande wa Sotik wingu lilikuwa limeanza kupiga weusi, na mtu yeyote aliyekulia karibu na mashamba ya chai anajua wingu la namna hiyo hubeba mvua ya mawe. Wangeci aliliona. Alisema hiki kitakuwa cha mwisho, kisha akaenda kumfungua mgeni mmoja aliyenasa kwenye nyuzi.

Mara upepo ukafa kabisa. Kishada kikaning'inia, nyuzi zikalegea mbele ya macho ya watu wote. Alichotakiwa kufanya ni kurudi nyuma hatua chache. Lakini nyuma yake walisimama watu wa soko, na Kipkurui kurudi kinyumenyume kuelekea kwa watu wa Chebunyo, akitazamwa na Bethwel, ilikuwa kazi ngumu kuliko kumkabili fahali. Akafanya kile ambacho mkono wake ulifanya maisha yote ng'ombe akizubaa njiani. Akazizungusha nyuzi kwenye kiganja, mara moja, mara ya pili.

"Mzee, toa mkono hapo," Wangeci aliita akianza kukimbia.

Pumzi ya kwanza ya upepo ilikuja polepole, baridi. Alikuwa na muda wa kuzifungua nyuzi mkononi, si mwingi, lakini alikuwa nao na alijua anao. Alisema, "Nimekishika." Sauti ya Wangeci ikamfikia mara nyingine ikimwambia aachie, na mtu mmoja katika umati akapiga mluzi wa furaha. Kisha wingu likashusha upepo wote kwa pamoja, kishada kikajaa, na Kipkurui akaenda chini kifudifudi, akaburutwa uwanja mzima hadi nguzo za ua. Mvua ya mawe ilimkuta hapo. Wangeci alikata nyuzi kwa kisu na kumfunga mkono kwa kitambaa chake cha kichwani, akilia waziwazi.

Hospitalini vidole viwili vilikatwa. Uwanja ulifungwa siku hiyohiyo.

Watu walimiminika kumwona, wakamletea mursik, maziwa ya kibuyu, na mkate, na kila mmoja alisema lilelile: hata upepo umeshindwa kumfanya aachie. Kwa mara ya kwanza maneno hayo hayakumfurahisha. Wangeci alikuja akasimama karibu na mlango.

"Pole, mzee," alisema. "Ningekuangalia mkono. Ni mimi nilikosa."

Aliposema hivyo Kipkurui aligeuza uso ukutani kwa aibu.

Alipopona alikwenda kokwet. Alisimama akasema msichana hana kosa, alimwambia aachie na yeye hakuachia. Wazee waliitikia kwa vichwa, wakimwonea fahari. Akarudia, kwa sauti ya juu, kwamba aliambiwa aachie na hakuachia, na mmoja akampigapiga begani, akasema tunakujua, Kipkurui. Aliona kwamba angeweza kusema hadi jua litue na kila neno lingeongeza sifa yake, huku Wangeci akibaki yule mgeni aliyemharibia mkono mtu wao. Hasira ilimpanda, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Basi njooni uwanjani," alisema. "Mara moja tu. Halafu mfunge kabisa."

Walikwenda wote. Wangeci hakutaka, lakini alimvalisha mikanda. Kipkurui alishika vishikio, mkono wa kulia kwa vidole vitatu, akarudi nyuma mbele ya kijiji kizima, hatua kwa hatua, mpaka nyuzi zikakaza na kishada kikapanda. Akakichoresha nane. Watu wakaanza kushangilia. Pumzi ya upepo ikaja na kumsogeza mbele, na wote wakasogea waone.

Akafungua mikono.

Kishada kilijikunja kikaanguka kwenye nyasi. Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikazunguka uwanja mzima.

"Hivi ndivyo alinifundisha," Kipkurui alisema. "Siku ile ningefanya hivi, ningekuwa na vidole vyangu."

Bethwel alitazama kishada muda mrefu bila kumtazama Kipkurui.

"Uwanja ubaki," alisema hatimaye. "Msichana aendelee."

Jumamosi iliyofuata Kipkurui alisimama karibu na zizi kama kawaida. Bethwel alifika na fahali wake mwekundu, akamsalimu vizuri, akamuuliza hali ya mkono. Kisha akampa kamba Kipruto, kijana wa jirani. Kipkurui aliwatazama wakiondoka hadi wakapotea barabarani. Ng'ambo ya barabara umande ulikuwa umekauka, na Wangeci alikuwa akikunjua nyuzi. Akavuka kwenda kumsaidia.