Programu ya Ubaoni

Nimefundisha Sayansi ya Kompyuta kidato cha tano na cha sita hapa Tanga kwa miaka mingi, na kila Jumatatu nimesimama mstarini kuwahubiria vijana uaminifu. Wengi wao wananikumbuka kwa ukali wangu. Mmoja ana haki ya kunikumbuka kwa jambo jingine.

Chumba cha kompyuta tulikuwa nacho: mashine nane zilizofunikwa kwa vitambaa vya pazia, na ufunguo ulikaa mfukoni mwangu. Nilikifungua kwa nadra, zaidi wageni walipokuja, maana niliamini vumbi na mikono ya vijana arobaini vingeiharibu mali ya umma. Somo nililifundisha ubaoni. Niliandika programu kwa chaki, wakanakili, wakakariri. Nilizitoa katika daftari langu la chuoni, ambalo sikuwahi kulitilia shaka.

Muhula wa kwanza wa kidato cha tano, kipindi kikikaribia kwisha, alisimama binti mmoja, mzaliwa wa Mkwaja, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake mtaa wa Nguvumali. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Una nini?"

"Ile programu ya kutafuta alama ya juu kuliko zote, nimeiandika kwenye kompyuta ya stesheneri ya jirani yetu. Nimeingiza alama tano, ya kwanza tisini na moja. Imenijibu themanini na nne."

Darasa likaangua kicheko. "Injinia wa stesheneri huyo!" akasema mmoja wa nyuma. Mwenzake akadakia: "Mpisheni, mwalimu mpya kafika! Mpeni chaki!"

Ningeweza kuwanyamazisha. Nilicheka pamoja nao. "Umekosea kunakili," nikamwambia. "Kaa."

Alasiri ile, walipokwisha kutawanyika, nilivua viatu mlangoni pa chumba cha kompyuta kama kanuni yangu mwenyewe ilivyotaka, nikafunua mashine moja na kuiandika programu ile kama ilivyokuwa daftarini. Binti alisema kweli. Ilianza kulinganisha kutoka alama ya pili. Ile ya kwanza haikuitazama kabisa. Kuirekebisha kulihitaji kubadili tarakimu moja tu. Nikazima mashine, nikaifunika, nikafunga mlango.

Swali la programu hiyo nililiacha libaki katika mtihani wa muhula. Wengine wote waliandika kosa langu kama walivyolikariri, nami nikawapa alama zote kumi. Yeye peke yake aliandika iliyo sawa. Nikampa sifuri. Nilijiambia kwamba mwalimu akikiri kosa mbele ya vijana, heshima ya ubao inakwisha. Hoja hiyo niliiona nzito siku ile. Leo naona ilikuwa woga.

Alinifuata ofisini na karatasi yake ya majibu.

"Samahani, mwalimu. Nauliza tu. Umewahi kuijaribu kwenye mashine?"

"Nimeijaribu. Inafanya kazi."

"Basi ile ya stesheneri itakuwa mbovu," akasema. "Au mimi ndiye sielewi."

"Jitahidi kusikiliza darasani."

Shule ilipofunguliwa tena alikuja na fomu ya kuhama tahasusi, ambayo ilihitaji saini ya mwalimu wa somo linaloachwa. Nilifahamu kwamba aliichagua Sayansi ya Kompyuta mwenyewe, na kwamba alikuwa akimchapia barua mwenye stesheneri ili aruhusiwe kuketi kwenye mashine. Penye nafasi ya sababu alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa kunyooka: "Sina uwezo wa somo hili."

Ofisini tulikuwa wawili tu. Nilipaswa kusema sentensi moja tu, na hakuna mwingine ambaye angeisikia.

Nikasaini.

"Ahsante, mwalimu," akasema, akaipokea fomu kwa mikono miwili.

Jumatatu iliyofuata nilisimama mstarini nikakemea udanganyifu katika mitihani. Alikuwa safu ya tatu, amesimama wima, akinisikiliza kwa makini.