Kichwa cha Samaki na Jezi Namba Sita

Mwanangu, ipo Jumapili moja ya ujana wangu ambayo kila nikipita Jules Street inanirudia, na leo nataka nikusimulie. Kaa. Hiyo simu yako itakungoja, haina miguu ya kukimbia. Na kama kuna neno litakalokupita, niulize, hata kwa Kizulu, maana najua ninyi mliozaliwa hapa Kiswahili mnakisikia vizuri sana ila midomo yenu inaona uvivu kukitamka. Sikulaumu. Kuuliza si ujinga.

Nilikuwa kijana mwembamba niliyetoka Bukavu, sina ndugu hata mmoja Johannesburg. Nilipoteremka Park Station, Mkongo mmoja aliyenionea huruma aliniuliza nataka kulala upande gani wa mji. Nikamjibu, "Popote." Akanipeleka Hillbrow, ghorofa ya juu, chumba cha watu wengi, nikapewa pa kutandika kwenye roshani. Nilipoulizwa najua kazi gani, nikasema, "Yoyote." Nikaosha magari, nikabeba mizigo, mwishowe nikavaa sare ya ulinzi nikasimama getini. Neno hilo lilinilisha, siwezi kulitukana. Mtu aliyekimbia kwao na begi moja hana uso wa kuchagua. Hata marehemu baba alizoea kutuambia kwamba mchagua nazi hupata koroma, ingawa kule Bukavu mnazi hatukuwahi kuuona. Methali ilitufikia pamoja na lugha, nazi zenyewe zikabaki pwani.

Basi neno lile lile nikaingia nalo uwanjani. Tulikuwa na timu yetu pale Malvern, Wakongo, Warundi na Watanzania wachache. Si timu ya ligi, mwanangu, usije ukaenda kunitafuta kwenye mtandao. Tulicheza Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja ambao upande mmoja ulikuwa na nyasi na upande wa pili vumbi tupu, na kila nahodha aliomba aanzie kwenye nyasi. Kocha wetu aliitwa Saidi, mtu wa Tanga, fundi magari, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Siku ya kwanza aliniuliza nacheza wapi. Unajua nilimjibu nini.

Tangu hapo nikawa wa kuzibia. Beki wa kulia akibanwa na kazi, mimi. Winga akifungiwa na mkewe, mimi. Kipa wetu alikuwa mlinzi kama mimi, na mlinzi haruhusiwi kuacha geti mpaka wa zamu afike; basi Jumapili nyingi yeye alikuwa bado getini kwake anachungulia barabara, na mimi nimevaa glavu zake. Kocha Saidi aliniita kiraka, kama Watanzania wanavyomwita mchezaji wa namna hiyo, na alilitamka kwa mapenzi. "Huyu kiraka wangu," angewaambia watu, "hata umwambie achezeshe mechi atachezesha." Watu wakicheka, nami nacheka. Nilijivuna, sikufichi. Jifya moja haliinjiki chungu, na mimi nilijiona kuwa lile jifya linalokaa upande wowote.

Lakini ndani yangu nilijua nilipopapenda. Kila mara nilipowekwa katikati, mbele ya mabeki, namba sita, mwili wangu ulitulia. Niliuona mchezo wote ukija kwangu. Nilijua mpira utakapoangukia kabla haujapigwa. Furaha niliyoipata pale sikuipata golini wala pembeni, na sikuwahi kumwambia mtu.

Sasa nikujulishe kwa Mama Sifa. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Uvira, muuza mboga na samaki hapo hapo Malvern, kwenye barabara ya Jules Street, na kila baada ya mechi alituletea sufuria la bugali, ndio ugali wa kwetu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wakubwa wa kukaanga waliotiwa mchuzi. Alikuwa na desturi yake, na hakuna aliyeivunja: hakupakulii mpaka umtajie kipande unachotaka. Tulipanga mstari kama watoto wa shule. Huyu "mgongo, mama," yule "tumbo." Zamu yangu ikifika nasema, "Chochote, mama." Naye ananitazama kidogo, kisha ananiwekea mkia. Nimekula mikia, mwanangu, mpaka nikafikiri samaki wa Afrika Kusini hawana mwili.

Jumapili ninayokusimulia, alikuja mtu kutazama mechi yetu. Alikuwa Mzulu mrefu mwenye kofia, anatafutia wachezaji timu moja ya ligi kule mashariki ya mji, timu yenye uwanja wa kweli na daktari wake. Kocha Saidi alitunong'oneza kabla ya mechi kwamba mgeni anahitaji beki wa kushoto na kiungo wa kukaba, yaani namba sita. Nikainama nikakaza upya kamba za njumu zangu. Na kama Mungu alivyopenda, siku hiyo namba sita wetu alikuwa amesafiri, nikapangwa mimi. Kipindi cha kwanza nilicheza kuliko nilivyowahi kucheza. Nilimwona yule mtu amevua kofia, ananifuata kwa macho.

Kipindi cha pili kipa wetu akaumia bega. Kocha hakuhitaji hata kuniita, alinitazama tu. Nikavaa glavu nikaenda golini, na huko nilidaka vizuri vilevile, tukashinda. Sikujuta kwenda golini siku ile, na mpaka leo sijuti. Wenzangu walikuwa na shida na mimi nilikuwepo.

Refa alipomaliza, yule mtu akanijia moja kwa moja. Akanipa mkono, akanisalimu "bafo," yaani ndugu yangu, kisha akaniuliza kwa Kizulu chepesi ili nimwelewe, "Wewe hasa unacheza wapi?"

"Popote," nikasema.

Akatabasamu. "Nimeona. Lakini mahali pako ni wapi?"

Mwanangu, mlango ulikuwa wazi mbele yangu na aliyeufungua alikuwa ameushikilia. Ilibaki kusema neno moja. Lakini ulimi ulishazoea. Niliogopa nikitaja sehemu moja, naye akawa anataka nyingine, nitakosa yote. "Popote utakaponiweka, bosi," nikamjibu, tena nikaongeza kicheko ili aone mimi si mtu wa shida.

"Eish," akasema polepole. Kabla hajaongeza neno, Dezire akajipenyeza. Dezire alikuwa Mrundi, tulimcheka kila wiki kwa sababu alikataa kuchezeshwa nafasi nyingine yoyote, hata ukimwomba kwa machozi. "Mimi beki wa kushoto," akasema, bila hata kuulizwa. Yule mtu akacheka, akampa siku ya kwenda kufanyiwa majaribio. Mimi alinipigapiga begani, akanitakia heri, akaagana na kocha, akaelekea kwenye bakkie yake, yale magari madogo ya mizigo.

Nikasimama kwenye mstari wa chakula. Zamu yangu ikafika.

"Kipande gani?" Mama Sifa akauliza.

"Chochote, mama."

Akaweka mwiko chini. Alikuwa amekaa pale kando ya uwanja muda wote, na masikio yake yalisikia kila kitu. "Weye Byamungu, leo hapana. Leo hauna kula mpaka utaje."

Waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunung'unika kwa njaa. Nikamwambia, "Mama, mimi sina shida, niwekee tu."

"Minajua hauna shida. Shida unaachia batu bengine." Akanyanyuka kwenye kiti chake. "Ule mutu alikuuliza vizuri, mara mbili. Weye unajibu popote. Popote njo wapi? Iko mutaa gani? Taxi ya kuenda huko inapakilia wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikainamisha kichwa.

Akashusha sauti. "Sikia, mwana wangu. Banasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Weye jembe ulishapewa zamani. Mutu wa jembe anajua shamba yake. Unafikiri ile popote yako ni heshima? Hapana. Ni kumuachia mutu mwingine kazi ya kukujua. Na batu biko na kazi yabo. Sasa sema. Kipande gani?"

Nyumbani Bukavu kichwa cha samaki kilikuwa cha baba, na sisi watoto tulikitazama tu kikipita. Nilikitamani tangu utoto, na tangu nianze kula kwa Mama Sifa sikuwahi kuthubutu. "Kichwa," nikasema, kwa sauti ndogo kabisa.

Akakichota kikubwa kuliko vyote, akakiweka juu ya bugali yangu. "Ona. Mbingu imeanguka?"

"Hapana, mama."

"Na kwa mpira?"

"Namba sita."

"Sasa unaniambia mimi juu ya nini? Mimi niko na timu?" Akanyoosha mwiko barabarani. "Kimbia!"

Nikamkabidhi sahani nikakimbia. Bakkie ilikuwa imeshatoka, lakini Jules Street ina robot nyingi, yaani taa za barabarani, na moja ilikuwa imewaka nyekundu. Nilikimbia na njumu zangu kwenye lami, nateleza kama mbuzi kwenye sakafu, wauza nguo wananishangilia. Nikafika dirishani nahema. Yule mtu akateremsha kioo.

"Namba sita," nikamwambia. "Mimi ni namba sita. Mahali pangu ni pale."

Alinitazama, na niliona uso wake ukiwa na huruma. Alisema kuna kijana wa Tembisa, naye namba sita, ambaye alikuwa bado hajaamua kumchukua, na kwamba muda mfupi tu uliopita alikuwa amempigia simu kumwambia aje. "Ungenijibu pale pale, bafo, nisingempigia." Robot ikawaka kijani, teksi za nyuma zikaanza kupiga honi, akaondoa gari. Chelewachelewa utamkuta mwana si wako. Hakurudi tena Malvern.

Nilirudi uwanjani kwa miguu mizito. Mama Sifa alikuwa amefunika sahani yangu. Aliponiona tu alijua, akaifunua akanipa. Nilikila kile kichwa huku nalia, na nitakwambia ukweli, kilikuwa kitamu.

Jumapili iliyofuata nilimwendea Kocha Saidi, nikamwambia nataka namba sita. Nilitegemea atanifokea. Akafuta mikono yake ya grisi kwenye kitambaa, akanishangaa. "Dogo, miaka yote hii! Mimi nilijua wewe huna unapopapenda. Sasa ningejuaje, kwa ramli?" Tangu siku hiyo jezi namba sita ikawa yangu. Kipa akicheleweshwa na zamu yake ya ulinzi bado nilivaa glavu, na beki akiumia bado nilirudi nyuma. Lakini nilikwenda kama kitu cha kuazimwa, na mechi iliyofuata nilirudishwa mahali pangu. Nilicheza pale mpaka goti likakataa, bila ligi, bila gazeti hata moja kuandika jina langu. Dezire alicheza ligi miaka kadhaa, na sikumwonea kijicho, kwa sababu alisema na mimi sikusema. Niliumia, ndiyo. Kuna majira nilikuwa siwezi kutazama mpira kwenye televisheni. Lakini kila Jumapili asubuhi niliamka nikijua ninakokwenda kusimama, na kwa mtu aliyefika mji huu akilala roshani kwa watu, hilo lilitosha kuniinua kitandani.

Mwaka huu vijana wa timu wametuandalia sisi wazee mechi ya kutuheshimu. Tulijikongoja, matumbo mbele, magoti yanalia. Nahodha wao, kijana mwenye adabu, akaja na jezi mkononi. "Shikamoo, Mzee Byamungu. Tukuweke wapi leo?"

Mama Sifa alikuwepo, amezeeka sana sasa, amewekewa kiti cha plastiki kando ya mstari na blanketi magotini. Akaweka kiganja nyuma ya sikio lake, akaningoja.

"Sita," nikasema kwa nguvu, hata wa upande wa vumbi wakasikia.

Nilicheza kidogo tu, nikaomba kutoka. Nilipoufikia mstari wa chakula, mjukuu wake ndiye aliyekuwa anapakua, na kichwa cha samaki kilikuwa kimeshawekwa kando, kimefunikwa sahani.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Wenzako wakiwa na pengo, zibia. Usiwe mtu wa kusema hii si kazi yangu wakati nyumba inavuja. Lakini ujue mahali pako, na upataje kwa mdomo wako, mapema, kabla robot haijawaka kijani. Usijifiche nyuma ya unyenyekevu ukawachosha wanaokupenda kwa kubahatisha unachokitaka. Ukikosa baada ya kusema, utaumia na utapona. Mimi nilikosa kabla ya kusema, na umeniona, bado nakusimulia.

Nenda basi, wenzako wameanza kukuita uwanjani. Mungu akulinde, wewe pamoja na magoti yako. Akupe watu wa kusaidia, na wa kukusaidia. Na siku atakapokuletea mtu akuulize unapenda wapi, aufanye ulimi wako uwe mwepesi, mwanangu, umjibu pale pale.