Dereva Aliyekuja na Waziri

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na dereva wanayemwita Taratibu anafuta kioo cha gari la wizara ambacho tayari kinang'aa. Wenzake wako kwenye benchi la gereji, vikombe vya chai mkononi.

"Mheshimiwa wako wa zamani anakusubiri," fundi anamchokoza.

"Asubiri mpaka achoke."

Wote wanacheka, yeye kuwashinda.

Kwa miaka sita alimwendesha waziri mmoja tu. Waziri ndiye aliyemleta wizarani, na mkataba ulisema bosi akitoka, naye atoke. Bosi akatoka. Wengi waliokuja naye walifungasha siku ileile. Taratibu akaomba kazi ya kudumu, akafanya usaili kama mtu yeyote wa mtaani, akapata. Sasa yuko kwenye kipindi cha majaribio. Mkuu wa usafiri ndiye atakayesema abaki au aende.

Siku ya kwanza tu nusura aharibu. Alitumwa kumchukua mhasibu stesheni, mikono ikampeleka njia ileile ya miaka sita.

"Nashtukia nimepiga honi kwenye geti la mzee," anasimulia. "Akatoka, taulo begani, mswaki mdomoni. Akaniuliza, 'Kijana, wamenirudisha?'"

Anacheka mpaka anafuta macho. Kisha sauti inashuka.

"Halafu akanifokea. 'Ondoka hapa upesi, watasema bado wewe ni mtu wangu.' Hata maji hakunipa. Yule mzee ananipenda, bwana."

Mhasibu alisimama stesheni hadi akakasirika. Mkuu wa usafiri, mama mpole asiyesahau kitu, akamwita dereva wake mpya, naye akaeleza yote, pamoja na mswaki.

"Angesingizia foleni ningemrudisha kwao," anasema mama huyo. "Lakini akionekana tena kwenye geti lile, sina la kumtetea."

Mke wa Taratibu hana huruma hiyo. "Miaka sita njia ya kwa mzee haijampotea. Ya sokoni nikimtuma, anapotea."

Leo amembeba ofisa wa mipango. Kwenye njia panda ya kwenda kwa mzee, kidole kinagusa taa ya kushoto. Anakiondoa, ananyoosha mbele, anashusha pumzi.

"Wakinithibitisha nanunua pikipiki," anasema, macho barabarani. "Jumapili naenda kwa mzee, napiga honi mpaka majirani watoke. Akitaka, apande nyuma. Ila mlango wa kumfungulia ndiyo hakuna tena."