Mgeni wa Bibi

Niliposikia nimechaguliwa kwenda Ujerumani, nilipanda gari siku hiyohiyo kutoka Moshi mjini hadi Himo, kisha nikapanda mlima kwenda kumwambia bibi. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa bado sijaanza shule. Nilimkuta kihambani, shamba letu la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, anakata majani ya ng'ombe, nikamwamkia.

"Bibi! Nimepata ile nafasi."

Ulikuwa mpango wa kubadilishana vijana. Wa kwao walikuja kwetu kufundisha shuleni na kusaidia zahanati, na wa kwetu walikwenda kwao kujitolea na kujifunza kazi. Mimi nilikuwa nimemaliza mafunzo ya uuguzi, nimepanga chumba mtaa wa Soweto palepale Moshi, na kila nilikoomba kazi niliambiwa nisubiri. Nilipangiwa nyumba ya kutunzia wazee, mwaka mzima, na masomo ya lugha juu yake.

Bibi aliweka panga chini. "Wazee wao hawana watoto?"

"Wanao, bibi. Wako kazini."

Akafikiri. "Basi nenda ukawaangalie. Wakikuuliza nani alikulea, watajie kwetu."

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akanipiga alama ya msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba kilichokuwa bado kina weusi wa utomvu wa ndizi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, akaniambia niache, nisije nikafika kwa watu macho yamevimba.

Kule niliwekwa kwenye ghorofa ya wazee waliopoteza kumbukumbu. Sikuwahi kuona kitu kama hicho kikiitwa ugonjwa. Kwetu mtu huambiwa amezeeka, basi. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa mwalimu, kila jioni anavaa koti na kusimama mlangoni, anataka kuwahi nyumbani kumpikia mume wake. Mume alikuwa marehemu siku nyingi. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, kwa Kijerumani changu kibovu, na nikamwona akifiwa upya mbele ya macho yangu. Muuguzi mkuu alinivuta pembeni. "Usibishane naye," alisema. "Mfuate kule aliko, ukae naye hukohuko." Nikajifunza. Kesho yake nilimwuliza yule mama mume wake anapenda chakula gani. Alinieleza akaridhika, akavua koti mwenyewe.

Nyumbani nilikuwa nikipiga simu kila Jumapili. Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake mama, alikuwa amehamia kwa bibi, na ndiye aliyeshika simu. Mwanzoni bibi aliongea sana. Baadaye akawa anasema maneno machache, halafu mama mdogo anachukua simu: bibi amechoka, bibi ana mafua, bibi yuko kwenye sala za jumuiya. Nilipoomba kumwona kwenye video, mtandao ukawa unasumbua. Sikushuku kitu. Mtandao wa kule juu unasumbua kweli.

Mwaka ulipoisha mama mdogo alikuja kunipokea uwanja wa ndege. Tulipita Moshi bila kusimama. Tulipofika Himo akamwomba dereva asimame, tukashuka wawili tu.

"Bibi yako amebadilika," alisema. "Sikukuambia kwa sababu ungeacha kila kitu ukarudi. Na yeye mwenyewe, wakati bado ana akili zake, aliniapisha nisikuambie."

"Amebadilika vipi?"

"Utaona. Usishtuke mbele yake."

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya jiko, shuka mabegani, amekonda. Nilipiga magoti, nikamwamkia. Alinitazama, akatazama begi langu kubwa na koti langu, akatabasamu vizuri sana.

"Marahaba. Karibu, binti. Umetoka mbali?"

Alisema hayo kwa Kiswahili. Asiyekulia kwetu hawezi kujua lilivyonipiga jambo hilo. Tangu nikiwa mtoto bibi hakuwahi kuniambia neno kwa Kiswahili. Mimi na yeye tuliongea Kichagga. Ndicho alichonifundishia kusali, ndicho alichonigombezea. Kiswahili chake cha taratibu kilikuwa cha padri, cha bwana shamba, na cha vijana wa kujitolea kutoka nje waliokuwa wakifikia parokiani, ambao baadhi yao walikuwa Waafrika wenzetu kutoka Malawi na Zambia. Kilikuwa cha wageni.

Nikamjibu kwa Kichagga kwamba ni mimi, nimerudi. Akashangaa, akamgeukia mama mdogo. "Sikia huyu mgeni wa parokia anavyoongea lugha yetu! Nani amemfundisha?"

"Bibi, ni mimi. Ni mimi mjukuu wako." Nilimshika mikono. Nilirudia, na pengine nilipaza sauti. Tabasamu likaondoka. Akavuta mikono yake, akamwambia mama mdogo, "Mwambie asinitanie hivyo. Mjukuu wangu yuko Ulaya."

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikajibana kwenye migomba, nikalia nikiwa nimeuma koti ili asisikie.

Niliporudi nilikaa kwenye benchi, mbali kidogo. Nikavuta pumzi. Nikasema kwa Kiswahili, "Bibi, nimesikia una mjukuu Ulaya."

Uso wake wote ukafunguka. "Unamfahamu?"

Hivyo ndivyo nilivyoishi na bibi yangu miezi ile, mimi nikiwa mgeni wake. Nilimwogesha, nilimpikia mtori wa ndizi, nilimtembeza kwenye kahawa asubuhi jua likitoka. Alinishukuru kila mara kwa adabu, kama anavyoshukuriwa mtu baki. Na alinisimulia habari zangu. Aliniambia mjukuu wake ana mdomo, lakini moyo wake ni mzuri. Aliniambia mtoto huyo alipofiwa na mama yake alikataa kulala kitandani, akawa anamfuata bibi kila mahali ameshika pindo la kanga, na kwamba bibi naye alikuwa amefiwa na mwanawe lakini hakuwa na nafasi ya kulia, kwa kuwa mtoto alikuwa akimtazama. Hilo hakuwahi kuniambia mimi. Alimwambia mgeni.

"Huko ulikotoka, hukumwona?" aliuliza mara nyingi.

"Nilimwona, bibi."

"Anakula?"

"Anakula vizuri."

"Ukimwona tena mwambie arudi. Simlaumu, mimi ndiye niliyemwambia aende. Lakini mwambie."

"Nitamwambia."

Baridi na ukungu vya mwezi wa saba vilimkuta kifua kimedhoofika. Alilazwa siku chache, kisha daktari akatushauri tumrudishe nyumbani. Alikata roho mchana, mama mdogo akisali rozari upande mmoja, mimi nimeshika mkono wake upande mwingine. Nilikuwa nimesubiri, sifichi, kwamba mwishoni ataniita kwa jina. Alifungua macho akaniangalia, akasema kwa Kiswahili, "Asante, binti," akayafunga.

Tulimzika kihambani, karibu na mama yangu. Baada ya mazishi ndugu walinizunguka wakiuliza kama alinitambua, na mama mdogo akawahi kujibu. "Alimtambua kabisa," alisema. Wakamshukuru Mungu. Nilimwacha aseme.

Watu walipotawanyika alikuja na sahani ya ndizi na nyama, akakaa karibu yangu. Sikuweza kula.

"Alikupenda," alisema. "Hata alipokuona mgeni, ni wewe tu aliyekubali akuogeshe. Mimi alikuwa ananifukuza."

"Alimpenda mgeni," nilisema. "Mimi alikuwa ananisubiri."

Mama mdogo aliiweka sahani chini, akanikumbatia, tukakaa hivyo hadi wale wanawake waliokuwa wakiosha vyombo walipokuja kuuliza sufuria za jirani zirudishwe kwa nani.