Mlango wa Watu Kichwani Mwangu

Nasema mapema ili mnicheke vizuri: mimi ndiye yule mgeni aliyepita katikati ya mji wa Baraka na mlango wa watu kichwani, mchana kweupe, na mpaka leo mtu akiutaja mji ule natafuta la kusema ili mazungumzo yahame.

Ilikuwa wakati ule vita vya kwanza vimeisha na vya pili havijaanza, nasi tukadhani amani imekuja kukaa. Nilitoka Uvira kumsalimia mama mdogo, na kwa kuwa nikiwa shuleni walishatupeleka Bujumbura kuona makumbusho, nilijiona bingwa wa mambo ya kale (bingwa wa safari moja!), nikifika mahali popote lazima niulize kuna nini cha kutazama. Mama mdogo akaniambia nimngoje amalize kutwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga, tutembee pamoja. Sikungoja.

Karibu na kanisa nikakuta ukumbi uko wazi, ndani vitu vimepangwa ukutani, cherehani ya zamani, ngoma, vinu, redio isiyo na mgongo, milango imeegemezwa, kila kimoja na kikaratasi chake, na watu wanapita polepole wakinong'ona. Ningedhani nini? Nikaingia, mikono nyuma. Nikasoma vikaratasi (vilitaja tu mahali kitu kilipookotwa), nikatikisa kichwa kama profesa, na mbele ya mlango mmoja wa mbao nyekundu ya libuyu nikasema kwa sauti kwamba fundi wake alikuwa hodari, ila ubao wa chini ameuharibu, haufanani na wenzake. Halafu, kujifanya mcheshi, nikaugonga: ko, ko, ko.

Watu wakageuka. Kando yangu mama mmoja alikuwa amekumbatia sufuria analia, na hapo ndipo akili iliponirudia. Haikuwa makumbusho. Vilikuwa vitu vilivyoporwa wakati watu wamekimbilia ng'ambo ya ziwa, Tanzania, vikaokotwa porini na kando ya barabara. Sasa wenyewe walikuwa wanarudi kutafuta chao, na kwa wengi ndicho kitu pekee kilichobaki cha nyumba nzima. Msimamizi, mzee aliyeitwa Papa Alimasi, akanijia.

"Hapa mwenye anagusa ndio mwenye kitu," akasema. "Haya, tuambie alama yake."

Ndugu zangu, ningesema ukweli ningepona. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na siku zile mgeni anayezunguka kukagua vitu vya watu alidhaniwa haraka kuwa ametumwa na waporaji. Ulimi ukateleza: nikasema upande wa ndani kuna msumari, nilikuwa natundika koti. Wakaugeuza. Msumari upo. (Mlango gani kwetu hauna msumari?) Watu wakapiga makofi, mama wa sufuria akaacha kulia akanishika mkono kunipongeza, na wanaume wawili wakanitwika mzigo wangu.

Nikatoka shingo imezama mabegani. Nilipanga kuzunguka nyuma ya soko, nikae huko mpaka watu watawanyike, kisha niurudishe kimya kimya. Lakini kila niliyepishana naye alinipa pole na hongera kwa pamoja, wengine wakauliza nyumba yangu iko mtaa gani, na mimi naitikia tu, jasho linaingia machoni, nikimfikiria mwenye mlango atakayefika pale ukumbini akaambiwa umeshachukuliwa.

Wala hakuchelewa. Kutoka upande wa ziwa alikuwa anapanda mama mwenye mzigo mgongoni, ameshuka kwenye boti muda ule ule. Alisimama njiani, akaupapasa ule ubao wa chini niliousema vibaya.

"Huu ni ubao ya mutumbwi ya bwana yangu," akasema polepole. "Mbao zilimupungukia, akakata mutumbwi wake. Baba, nani alikuambia mi nimefika? Aksanti sana."

Alidhani nampelekea! Mama Apolina, ndilo jina lake, alikuwa amemzika mumewe huko ng'ambo. Sikumkatalia. Nikamfuata, kundi la watu nyuma yetu likizidi, mpaka kiwanjani kwake. Kuta zilikuwepo, paa hakuna. Akanionyesha pengo la kuegemeza mlango, kisha akafungua mzigo wake, akatoa ndagala, dagaa wa ziwani waliokaushwa, chakula chake cha safari, akaninyooshea kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Akaniambia nile, nimechoka kwa ajili yake.

Nikaiweka mikono nyuma.

"Mama, sikuubeba kwa ajili yako," nikamwambia. "Nilidanganya ni wangu. Nilikuja tu kuangalia."

Hakukasirika, na hasira ingenifaa zaidi.

"Kuangalia nini?" akauliza.

Nikapenya katikati ya watu. Nilirudi kwa mama mdogo kichwa chini, na sombe ya siku ile niliiacha sahanini, maana habari zilishanitangulia jikoni. Miaka mingi baadaye nilikuwa Lubumbashi na wenzangu, wakakata tiketi kuingia makumbusho, vitu vya kale vimepangwa humo, kila kimoja na kikaratasi chake. Mimi nikabaki nje, nikasema naumwa miguu. Kila kitu kilichomo mle kina mwenyewe, naye pengine yuko njiani anarudi.