Tundu Katika Mashua ya Mgiriki

Wakarabati wa barabara wanapochemsha lami hapa Iringa, wenzangu huziba pua. Mimi husimama nikaivuta ile harufu mpaka machozi yakanilenga. Sogeeni niwaambie kwa nini, maana hili hata mchungaji wangu sijamwungamia.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, katika miaka ya hamsini, Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku alipoamua kurudi kwao kwa mashua ya tanga. Aliijengea papo hapo shambani, kando ya bani la kukaushia tumbaku, na bahari yenyewe ilikuwa mbali kabisa, huko chini kupita Ruaha Mbuyuni. Watu walicheka wakachoka. Fundi wake alikuwa baba yangu, seremala aliyefunzwa misheni, mtu wa maneno machache. Alipiga randa mbao za mninga, akaziba nyufa kwa pamba na lami ya moto. Kazi ilipokaribia kwisha, Mgiriki akamwomba waende wote, miezi kadhaa majini, ili chombo kisikose fundi. Baba akakubali.

Mama alilia siku tatu. "Baba Yustina, maji usiyoyafika hujui kina chake!"

"Basi niache niyafike, nikijue," baba akajibu.

Mimi, Yustina mwenyewe, sikulia. Mimi niliiba keekee yake ya kutobolea mbao.

Ilikuwa mchana, wanaume wamekwenda kula. Nilikuwa nimezoea kumshikia baba mbao akitoboa, kwa hiyo kazi niliijua. Nikatambaa chini ya tumbo la mashua, nikaegemeza kifua, nikazungusha. Mninga mgumu, jamani! Tundu lilipotokea upande wa pili nikalikandika udongo, nikapaka masizi juu yake.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuipima. Kwa kuwa hapakuwa na maji ya kina ambamo ingeelea, baba alishauri waipime kama mama zetu wanavyopima mtungi mpya: ujaze maji ndani, utazame nje. Wanawake wakapanda kutoka mtoni na madebe kichwani, wakamimina. Debe baada ya debe, mashua kavu. Mgiriki akaanza kutabasamu. Baba alikuwa akiizunguka polepole, akipapasa kila ungio. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nikimwomba Mungu udongo uyeyuke, na papo hapo nikimwomba usiyeyuke.

Ukayeyuka. Maji yakaruka kama mkojo wa ng'ombe, wanawake wakapiga yowe.

Baba akachuchumaa, akaziba tundu kwa kidole. Akainua macho, akatutazama sote, kisha akasimama na kuvua kofia.

"Kosa langu, bwana. Nilitoboa mahali pa parafujo, nikasahau."

Mgiriki alifoka mbele ya kijiji kizima kwamba fundi msahaulifu atamuua baharini. Baba alichonga kigingi cha mninga, akakipigilia na kukipaka lami, wala hakujitetea. Wiki iliyofuata lori lilibeba mashua, na fundi mwingine akaketi juu yake. Baba alisimama barabarani mpaka vumbi likatua.

Nilifurahi, niwafiche nini? Nilijiona nimemwokoa, tena nimemwokoa bila yeye kujua. Watu wakambandika jina la Fundi Sahau, akaitikia jina hilo miaka yote.

Nilipokuwa mwalimu, shule yetu ilitupeleka Dar es Salaam, nikaiona bahari. Sikuifurahia. Nilijaza maji yake kwenye chupa ya soda, nikamletea baba, ambaye kwa wakati huo mikono yake ilikuwa inatetemeka. Akachovya kidole, kilekile alichozibia tundu, akaonja.

"Kumbe chumvi ni ya kweli," akasema. Akaonja tena. Akaniuliza maji yana rangi gani asubuhi, na kama kweli ukisimama ufukweni huoni ng'ambo. Aliuliza na kuuliza, mzee yule mwenye maneno machache, na kila swali lilinichoma. Ndipo nilipofahamu kuwa hakutaka kutukimbia sisi. Alitaka kuona tu.

Nikaanza kusema, "Baba, lile tundu..."

Akafunga chupa, akailaza ndani ya sanduku la vifaa, kando ya keekee.

"Lilinyooka, mama," akasema. "Mkono wako ulikuwa mzuri."